Kabla ya Praima

Osha kwanza, ndipo usugue.
Ukitanguliza msasa, mafuta unayakandamiza ndani
na rangi itakuja kubanduka kama utando wa maziwa.
Alinifundisha baba, Taisto,
mpaka rangi wa Raahe kwa miaka arobaini,
ambaye mwenyewe hakulifuata hilo hata siku moja.

Novemba. Nje theluji nyeupe pe,
na lori la manispaa linapita likimwaga chumvi barabarani
kama mpishi asiyeonja.
Wanaoungwa ni sisi na magari yetu.

Ndani ya gereji, Volvo ya mwaka sitini na sita
imevuliwa viti, vioo, taa, jina.
Milango imelazwa juu ya vigoda vya mbao.
Siku tisa nimekesha na grainda na brashi ya waya:
rangi ya kijani, chini yake ya maziwa,
chini yake ile nyekundu ya kiwandani,
kisha chuma, kitupu, kijivu,
kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni.

Nagonga kwa nyundo ndogo, nasikiliza.
Penye uzima panalia ngi.
Penye ubovu panajibu kama boksi la viatu.
Kwenye kizingiti cha dereva hapakujibu kitu.
Nikachokonoa. Puti ikatoka mabonge mabonge,
kisha wavu wa banda la kuku,
kisha gazeti lililosokotwa, la mwezi Machi,
matokeo ya hoki bado yanasomeka.
Tulifungwa nne bila.

"Baba, hiki nini?"
Akainama juu ya fimbo yake, akalisoma lote,
hadi tangazo la sabuni.
"Ukaguzi ulikuwa Ijumaa," akasema.
"Mama yako alikuwa na miadi Oulu kila Jumatatu.
Ulitaka aende kwa miguu?"
Nikawasha grainda.

Nilikata kilichooza, nikachomelea bati jipya.
Msasa namba themanini, kisha mia na ishirini.
Asidi kwenye vishimo: kutu ikatoa povu,
ikanywea, ikawa nyeusi tii.
Maji. Hita. Kikauke kau.
Spiriti, kitambaa safi, futa kwenda upande mmoja, usirudi,
chukua kingine, na kingine,
mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia.

Jumamosi usiku kila kitu tayari,
ila kipimajoto kilisema nane,
na epoksi chini ya kumi na tano hugoma.
Nikaiacha hita ikiunguruma, nikafunga mlango.

Baba ana ufunguo wake.

Asubuhi, juu ya mlango wa abiria, mkono mzima:
kiganja, gumba, vidole vinne,
kimoja kifupi, kile alichokatwa ncha na feni ya injini.
Rangi ya chungwa. Mistari ingeweza kuhesabika.
Chumvi ya jasho lake ilikuwa imefanya kazi usiku kucha.
Alisimama hapa, gizani, ameshika mlango ule,
sijui kwa muda gani,
sijui kama alisema kitu.

Nilimaliza kahawa yote nikiutazama.
Nikiufunika, utabaki. Nakubali, nilifikiria.
Lakini kikulacho ki nguoni, na nguo ya gari ni rangi:
miaka mitatu, minne, utainuka kwa malengelenge
na kuendelea kula.

Nikachukua msasa.
Nilianza na kile kidole kifupi.
Gumba nililiacha la mwisho.

Alipoingia nikamrushia glovu.
"Glovu? Marketta, mji huu nimeupaka wote kwa mikono mitupu."
"Ndiyo maana mji wote una matundu, Baba."
Akacheka mpaka akakohoa.
Akazivaa, ya kushoto mkono wa kulia,
akazivua, akazivaa tena.
"Digrii ngapi?"
"Kumi na sita."
"Sasa unangoja nini? Koroga."