Vitambaa vya Mjomba Onofre

Kitambaa kikidondoka chini, mjomba hakiokoti.
Anakitazama kama mtu anavyotazama jino lake lililong'oka,
kisha anakisukuma kwa ncha ya kiatu
mpaka kwenye ndoo ya vitambaa vya magurudumu.
"Hicho kimeshakula mchanga. Kimekuwa msasa.
Kishukuru, ukiachishe kazi."

Mchanga wa Chimayó ni mwekundu, laini kama pilipili ya kusaga.
Unaingia kwenye kope, kwenye mkate, kwenye maungamo.

Miaka arobaini alifuma mablanketi,
mguu kwenye kanyagio, sufu ikipita vidoleni,
kwa hiyo mambo ya uzi usimfundishe.
Vitambaa vya gari huvifua peke yake, maji ya uvuguvugu,
mbali na taulo za pamba zinazomwaga manyoya,
mbali na ile dawa ya kulainisha inayonukia maua,
maana uzi ukipakwa mafuta hauna kiu tena,
na kitambaa kisicho na kiu kina kazi gani?

Ndoo ni mbili: ya sabuni, na ya kusuuzia,
wavu chini ili tope litulie lilikozama.
"Ndoo moja," husema, "ni kumwogesha mtu
kwa uchafu uliomtoa."

Mwaka jana nilikuwa na haraka.
Nikaifuta Impala kwa taulo la shangazi Eduvigen.
Mstari mmoja ukabaki kwenye boneti, mwembamba kama unywele.
Asubuhi huuoni. Saa kumi, jua likilalia upande wa Los Alamos,
unajitokeza wote.
Hakunigombeza. Alikishika kidole changu,
akakipitisha juu yake, polepole, mwanzo hadi mwisho.
"Soma," akasema.
Nikasoma. Ilimchukua siku nzima kuufuta,
na mimi siku nzima kuosha sponji za mashine:
zioshwe zingali na joto, dawa isijegandia kama plasta,
brashi kutoka katikati kwenda ukingoni,
kamua kwa kiganja, usisokote,
kisha zilaze kifudifudi zikauke.
Gundi ikilowa, sponji huachana na mgongo wake
katikati ya kazi. Kama mimi na Rosenda,
nilisema, akacheka hadi akakohoa.

Leo ni Alhamisi. Kesho mahujaji watapita kwa miguu,
na magari yatawafuata mwendo wa kinyonga.
Rafuni kuna nta mbili.
Chupa nyeusi, ya maabara, hukaa mwaka mzima,
mvua ije, theluji ije, haijali.
Na kopo la njano, nta ya majani ya mvumo wa Brazili,
wiki sita tu, halafu imekwisha, uanze upya.
Miaka yote amechukua la njano.
"Nta ya mwaka," alikuwa akisema,
"ni ya mtu anayetafuta sababu ya kutorudi."

Leo amekaa kwenye kiti cha bati, mkono wa kulia
ukitetemeka juu ya goti kama unatafuta uzi.
"Leandro," anasema, "chukua ile nyeusi."

Sikuuliza kwa nini.
Daktari wa Española alishaniambia, koridoni,
huku akitazama viatu vyake.

Nikaikausha gari kwa kitambaa kipya cha bluu,
nikikilaza na kukivuta bila kukandamiza.
Rangi ya zambarau iliyoiva; ningeweza kuiuma.
Nikafika rafuni, mgongo kwake.
Kifuniko cha lile kopo hulia kikifunguliwa,
mlio mdogo wa bati, hakuna asiyeujua nyumba hii.

Alisikia. Kimya.
Halafu: "Paka nyembamba, basi.
Wewe huwa unapaka kama siagi."

Nilipaka nyembamba.
Jioni nikavifua vitambaa kumi na kimoja,
nikaviwamba ukumbini, pasipofika vumbi,
nikahesabu kwenye kalenda ya kanisa
wiki sita kuanzia kesho,
nikachora duara kwa kalamu ya risasi.