Lango la Nani

Wiki yangu ya kwanza, Kakamega, mkoba wa vifaa bado unanuka duka,
radi ya alasiri ilikuwa imepasuka juu ya mabati ya chama cha akiba
na simu ikalia: "Intaneti imekufa."
Ni radi, nikasema. Nilisema kabla hata sijafunga kamba za viatu.

Apondi hakunijibu. Alikuwa anatafuna simsim.
Baadaye, mlangoni:
"Mgonjwa akikuambia mwili umekufa, utamzika?
Anza chini. Anza kwenye waya."

Nikapiga magoti chini ya meza ya Bi. Khavere,
kati ya gambuti zake na mfuko wa kunde,
nikaitafuta taa ya kijani pale kebo inapoingia.
Ilikuwa inapepesa, nzima kabisa.
Radi haikuwa na kesi.

"Sasa piga hodi."
Hodi ya kwanza unajipigia mwenyewe, 127.0.0.1,
ujue kama uko nyumbani kabla ya kusumbua jirani.
Niko, ikajibu mashine.
Hodi ya pili, langoni,
pale njia ya ofisi inapotokea barabarani.
Karibu, likaitika lango, mara nne, bila kusita.
Nikainuka nikipangusa magoti. Mtandao uko sawa, nikatangaza,
na foleni ya wakulima wa miwa ikanitazama
kwa macho ya watu walioambiwa kesho tangu Aprili.

Seva ya mikopo ilikuwa kimya bado.

Apondi akajifuta chumvi kidoleni.
"Lango limeitika. Lango la nani?"

Akanisomesha anwani kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza:
192.168.0.14.
"Na ukoo wetu sisi?"
Kumi, ishirini, nne. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito
kwenye mlango wa kabati. Nilikuwa nimeipita mara tatu.

Kumbe mashine ikiamka haijui inakaa wapi.
Hupaza sauti ukumbini: nipeni anwani, yeyote!
Na humwamini anayewahi kujibu.
Haimuulizi kitambulisho, haimuulizi
wewe ni nani hata unigawie ploti.
Jina la kuzaliwa inalo, lile lililochongwa kiwandani;
mahali pa kukaa hukopeshwa tu, kwa saa.

Tukaifuata kebo. Ukutani, juu ya rafu ya faili, nyuma ya pazia,
hadi jikoni; na pale, kati ya birika na pakiti ya majani,
ruta nyeupe kama sahani, taa nne,
ikigawa anwani kwa ukarimu wote
wa mgeni aliyekosea nyumba.

"Ni yangu," akasema Muhonja, anayepika chai.
"Mtandao ulikuwa haufiki huku.
Binti yangu yuko Lodwar, tunaonana saa nne, chai ikichemka.
Ile ya nyumbani nikaileta jana. Nilidhani kebo ni kebo."

Hakuna aliyecheka.
Apondi akaichomoa, akaizungushia waya wake polepole,
akamrudishia kwa mikono miwili.
Kisha akaniambia nilete ngazi:
jikoni pia ni ofisini.

Mashine zikaamka moja moja, zikauliza upya,
zikajibiwa na mwenye nyumba.
Mkulima wa kwanza akatia sahihi, akaihesabu risiti yake kama noti.
Nami juu ya ngazi, koleo mdomoni, nikipanga nyuzi:
chungwa yenye weupe, chungwa, kijani yenye weupe, buluu...
nikakosea, nikakata, nikaanza tena.

"Haya niambie," Apondi akauliza kutoka chini,
"ni nini kilichokuwa kimekufa?"
Mdomo ulikuwa na koleo.
Radi ikanijibia, mbali, upande wa Shinyalu.