Jiwe la Ntyuka

Nililizunguka mara tatu,
simu mkononi, goti vumbini,
picha mia mbili na kumi na nne:
nyingine nimesimama, nyingine nimechutama,
moja nimepanda ndoo ya Mama Sechelela
akanifokea, "Utaipasua, nani atanilipa?"

Jua la saa nne lilikuwa linahama.
Kompyuta haipendi kivuli kinachotembea,
hudhani jiwe lina shavu pale ambapo halina.
Na mbuzi alipita, picha ya tisini,
akasimama, akatafuna, akaenda zake.
Hadi leo yumo, kinundu upande wa magharibi,
hana kichwa wala kwato.

Usiku, Nkuhungu, chumba cha uani,
mashine inatema uzi wa plastiki
tabaka juu ya tabaka,
kama mfinyanzi aliyekatazwa haraka.
Saa nane umeme ukakatika.
Uliporudi nikaiamuru iendelee pale ilipoishia.
Ikaendelea. Kovu likabaki,
mstari mwembamba kiunoni mwa jiwe.

Jumapili tukaliweka mezani
juu ya sponji tuliyoisaga ikawa nyasi.
Ndahani akaficha wapiga mishale wake nyuma ya kinundu.
"Mbuzi ni kinga," akasema.
"Kinga nusu," nikamjibu.
Tukabishana hadi chai ikapoa,
dadu ikaamua: nne.
Watatu wakalala kifudifudi.

Nilipomrudia Mama Sechelela, jiwe mfukoni,
Ntyuka palikuwa na shimo
na mafungu ya kokoto, nusu inchi, robo tatu,
na lori likipakia kwenda Iyumbu
ambako mtu anajenga ghorofa.

Akalipokea. Akalipima kwa kiganja,
akaligonga kwa ukucha
kama anayejaribu kibuyu.
"Tupu," akasema. "Hili halijazi hata kikombe."

Nikaanza kumweleza: ndani ni sega,
vijumba vitupu vya kuokoa uzi,
na rangi bado, nitapaka kijivu, kisha...
Hakuwa ananisikiliza.
Kidole chake, chenye plasta iliyochakaa,
kilikuwa kinatafuta.
Kikapita juu ya kovu la umeme, kikalikataa.
Kikamruka mbuzi.
Kikateremka upande wa kusini
hadi kwenye ufa mwembamba kama unywele,
ufa nilioupiga picha bila kuuona.

"Hapa," akasema, "ndipo lilipokubali."