Daftari la Katibu

Kikao cha kupokea wapya, kwa mama Chidawali, Nkuhungu.
Upepo unafunua kurasa kabla yangu.

Wanasema: Perusi ana mdomo.
Naandika: mchangamfu.
Yule wa Makole anajisikia.
Naandika: anajitambua.
Foibe kakopa vikundi vitatu, hajarejesha hata kimoja.
Kalamu inasimama kidogo.
Ana uzoefu wa vikundi.

Tukacheka hadi chai ikamwagikia karanga.

Kisha Loisi, anayeuza zabibu nyuma ya stendi.
Hakuna aliyesema neno.
Mmoja akatazama dari,
mwingine akapangusa meza iliyokwisha panguswa.
Sote tunajua mumewe alikufa na nini.
"Andika nafasi zimejaa," akasema mwenyekiti.

Viti viwili vilikuwa vitupu, kimoja nimewekea mkoba wangu.
Niliandika.

Nyumbani, watoto wamelala,
nikarudi nyuma kwenye daftari, miaka sita,
mwandiko wa katibu aliyenitangulia,
nikitafuta jina langu.

*Mpole. Atazoea.*

Kati ya maneno hayo mawili
pana doa la wino,
pale kalamu iliposimama.