Mawimbi Yamerudi

Gyumri, Februari. Theluji imefika magotini,
nami nimelala chali chini ya taa nyeupe,
uso umepakwa krimu ya ganzi, umefunikwa nailoni
kama unga wa mkate unaongoja kuumuka.
Dakika arobaini. Midomo imekuwa ya mtu mwingine.

Daktari Haykanush ana mikono midogo, hana maneno mengi.
"Sindano ishirini na tano, nyembamba kuliko unywele.
Zinaingia, zinaacha joto huko chini, zinatoka.
Ngozi itadhani imeungua, itaanza kujishona."
Dawa ya moto ni moto, basi.
Sikujua methali nayo ina plagi.

"Joto la nini?"
"Mawimbi ya redio."

Nikacheka, ganzi ikanivuta shavu upande.

Kwa maana redio ndiyo iliyonificha.
Miaka kumi na sita nasoma habari za usiku:
bei ya ngano, njia zilizofungwa na barafu,
waliofariki, na jina la mtaa wao.
Madereva wa malori huniita Asali.
Hakuna aliyewahi kuuliza mzinga wake ukoje.

Chunusi zilinianza nina miaka kumi na mitatu,
zikaondoka kwa wakati wao, hazikufukia mashimo.
Baba ni mchonga mawe. Mji wetu umejengwa kwa jiwe jeusi
lililotapikwa na volkano, limejaa vitundu,
na watoto wa shule hawakuhitaji kutafuta mbali.
Ukuta. Waliniita Ukuta.
"Ukuta, sogea tupite."

Tak. Paji la uso, hamna neno.
Tak. Kando ya pua, machozi yanatoka bila ruhusa yangu.
Tak. Juu ya mfupa wa shavu, hapo ganzi ni porojo,
hapo nang'ata ulimi, nahesabu kinyumenyume kutoka mia.
Harufu ya nywele zilizosogelea mshumaa.
Tone la damu linateremka kuelekea sikioni,
vuguvugu, kama lina siri ya kuninong'oneza.

Mawimbi niliyoyarusha usiku baada ya usiku
juu ya mapaa, juu ya malori yaliyokwama mlimani,
nikadhani yamekwenda, yamekwisha,
yamejua nyumba yangu. Yamebisha kwa sindano.

Baba ananifungulia mlango. Nimeiva kama bitiruti.
Anavaa miwani, anainama, hagusi.
"Zinazama kiasi gani?"
Milimita mbili na nusu.
"Na nafasi kati ya tundu na tundu?"
Sijui, Baba.
"Ulizia. Ukichimba karibukaribu, jiwe hupasuka."
Kisha akaenda kuchemsha chai.
Hatujawahi kuuzungumzia uso wangu kwa urefu huo.

Mara nne, amesema daktari, kila baada ya wiki sita.
Nusu ya mashimo huenda yakapanda.
Nusu nyingine tutazeeka pamoja.

Zamu yangu haijali. Zaven, fundi mitambo,
ananitazama kupitia kioo, anasahau kunipa ishara,
taa nyekundu inawaka, nami nimeshawaka tayari.
Nalisogelea maikrofoni, shavu linapwita.

Habari za saa tano usiku.
Njia ya mlimani imefunguliwa,
gari moja moja,
polepole.