Rangi ya Mwezi wa Tisa

Fundi Kaumba alinifundisha theluji kwanza.
Hakuwahi kuiona. Mimi pia.
Tulikuwa na kalenda kuukuu ya duka la dawa,
mlima mweupe, ziwa, kibanda kinachofuka moshi,
na gunia la unga lililofuliwa, likapigwa pasi,
likapakwa uji wa muhogo mpaka likakaza kama ngoma.
"Anza na mbingu," alisema, "ardhi itavumilia matone."
Miaka miwili, Katuba, nyuma ya baa,
nilichora theluji huku jasho linanitoka.
Wateja walilipa. Walitundika juu ya makochi yao
baridi wasiyoijua.

Mengine nilijifunza nyumbani.
Baba alirudi kutoka kwenye tanuru la shaba
na jiwe la kijani mfukoni, dogo kama jino.
Nikalitwanga katika kinu cha pilipili.
Mama akainua mwiko anipige,
akaliona lile vumbi, akaushusha.
"Ndiyo rangi ya uyoga unaoua," alisema.
Tangu siku hiyo, masika yakifika,
alinipangia uyoga wa kula juu ya ungo:
weupe wa aina saba, kila mmoja na jina lake.
Mama hakujua kusoma.

Kisha mwaka ule nilipanda nyuma ya baiskeli ya Kapya,
mchoma makala, tukafuata njia ya Kipushi,
tukakata kushoto, mpaka njia yenyewe ikachoka.
Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne.
Nyasi zimeungua. Vichuguu vimebaki uchi.
Na juu ya majivu yote hayo miombo inachipua
nyekundu!
Wala si wekundu wa kuzeeka:
majani machanga, laini kama sikio la kitoto,
mengine rangi ya divai, mengine ya shaba itokayo motoni,
na mti mmoja wa waridi kabisa, peke yake, bila haya.
"Inakunywa wapi?" nikauliza.
"Uliza mizizi," akasema Kapya. "Mimi kazi yangu shina."

Nilirudi na udongo wa kichuguu ndani ya kopo la maziwa.
Nikachora siku tisa.
Fundi akaja, akasimama, akavuta pua.
"Majani mekundu. Nani atanunua msitu mgonjwa?"
Kesho yake hakufungua karakana.
Alirudi jioni, viatu vimejaa majivu,
hakusema alikotoka,
akaigeuza kalenda ikatazama ukuta.

Picha haikuuzwa. Iko mlangoni pa jikoni kwangu.
Wiki iliyopita Kapya alileta gunia, mvi zimemjaa,
akaiona, akatua mzigo taratibu
kama anayelaza mtoto.
Akaugusa ule mti wa waridi kwa kidole cheusi
(alama ipo, sijaifuta).
"Huu," akasema, "ni miye niliukata."
Akahesabu pesa zake, akanirudishia noti moja, akaenda.

Jioni nikawasha jiko.
Makala yakashika moto pembeni polepole,
kwanza rangi ya divai.