Mwakaleli Hukawia

Saa kumi na moja alfajiri Tukuyu haina sura,
ukungu umeketi barabarani kama mwenye shamba.
Nawasha taa ya chumba kilichokuwa stoo ya mbolea.
Seva imo kabatini, inanguruma
kama paka aliyeshiba maziwa ya ushirika.

Ninayemlea ni mtumishi asiye na mwili:
anakaa nyuma ya mlango wenye namba,
anasikiliza.
Mizani ya Kandete ikibisha, anauliza, Nani?
Inataja jina, inataja neno la siri,
anafungua, anapokea lita, anaandika, anaaga.
Ndivyo alivyoamriwa na faili la mistari arobaini
nililolirithi bila kukabidhiwa,
na chini kabisa jina: Mwaijande.

Nilipokuwa mgeni nililisafisha.
Nilipunguza hiki, nikafuta kile,
nikafika penye: subiri sekunde mia na ishirini.
Juu yake maneno ya mtu anayejisemea:

# Usiguse. Mwakaleli hukawia.

Nikacheka. Dakika mbili, zama hizi?
Nikaandika kumi na tano. Nikamzima mtumishi,
nikamwasha upya. Akaamka mwepesi, mkali,
karani aliyetoka kupandishwa cheo.

Siku ya tatu akaja Atuganile Mwambene,
buti zimejaa tope jeusi,
daftari kalifunga ndani ya mfuko wa sukari.
"Ndaga," akasema. Akakaa kwanza. Akapumua kwanza.
Kisha: "Lita zangu mia nne na kumi zimekwenda wapi?"

Nikafungua kumbukumbu za usiku, nikazisoma kwa sauti:
Mwakaleli kabisha. Muda umekwisha.
Mwakaleli kabisha. Muda umekwisha.
Mara thelathini na moja,
na nje usiku ule mvua ilikuwa haijanyamaza,
neno likipanda kigongo, likilowa, likirudi nyuma, likijikusanya,
na lilipofika kizingitini likakuta komeo.

Sikumweleza habari za sekunde.
Nikasema, mama, nimekosea.
Akalitazama kabati, akauliza linakula nini.
Umeme, nikajibu.
"Basi nalo hulala njaa," akasema, "kama sisi."

Lita zake niliziingiza kwa mkono, siku baada ya siku,
yeye akisoma, mimi nikiandika, chai ikipoa.
Jioni nikarudisha mia na ishirini.
Nikampangia mtumishi aamke mwenyewe umeme ukirejea,
asingoje mimi nipande kilima na tochi.
Mstari wa Mwaijande nikauacha ulivyo,
chini yake nikaweka wangu:

# Niligusa. Hukawia kweli.

Kisha nikakaa, mikono mapajani,
kumsikiliza anayesikiliza.
Mvua ilianza juu ya bati.
Sekunde ya themanini na tisa
Mwakaleli ikamaliza kutaja jina lake.